Tupatane Archives

Ukiwa Nairobi na hujui umngoje mtu wapi, unamwambia tu, "Tupatane Archives." Hakuna anayeuliza ni wapi. Ni pale Moi Avenue, lile jengo la zamani lililokuwa benki, karibu na sanamu ya Tom Mboya, mahali ambapo wahubiri, wapiga picha na watu wanaongoja wengine hugawana kivuli. Nimesimama pale nikingoja marafiki, nikingoja mvua iishe, na siku moja nikingoja msichana ambaye mpaka leo hajafika. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza ndani mna nini.

Kilichonipeleka ndani ni ua wa seng'enge.

Nyumbani kwetu ni Karungu, kwenye ghuba ya Ziwa Victoria, upande wa Nyatike katika Kaunti ya Migori. Kama umewahi kufika Sori usiku, umeona taa za wavuvi wa omena zikielea majini kama mji mwingine. Kati ya boma letu na maji kuna njia. Asubuhi ng'ombe huteremka kwayo kwenda kunywa, na wanawake hupanda nayo wakiwa na ndoo kichwani. Miaka miwili iliyopita mtu fulani alinunua ploti kando ya njia hiyo. Kwanza akaweka nguzo, kisha seng'enge, kisha geti, na njia yetu ikaishia kwenye geti lake. Wazee walipoenda kumuuliza, aliwajibu neno ambalo nadhani hata wewe umewahi kulisikia mahali: "Leteni karatasi."

Dani, nyanya yangu, akanipigia simu. "Nyakwara, wewe uko Nairobi. Tafuta karatasi." Kana kwamba Nairobi ni ofisi moja yenye kabati moja. Nikamuuliza karatasi gani. Akasema njia ile ilikuwa ya ng'ombe tangu babamkwe wake akiwa kijana, na serikali ilipokuja kupima mashamba iliiacha iwe njia. Karatasi za zamani ziko Kisii, akasema, na hizi za kupima ziko Homa Bay.

Nikacheka. "Dani, sisi tuko Migori."

Alinyamaza kidogo, kama mtu mzima anavyonyamaza akiamua kutomgombeza mtoto. "Ninyi ndio mko Migori," akasema. "Karatasi haziko Migori."

Nilidhani umri umemchanganya. Ilinichukua miezi kadhaa, nauli nyingi na barua tatu kugundua kwamba katika sentensi hiyo moja alikuwa amenipa kila kitu nilichohitaji. Karatasi ya serikali haifuati mahali, inamfuata aliyekuwa akitawala mahali hapo siku ilipoandikwa. Kabla hujauliza faili iko wapi, uliza siku hiyo mlikuwa chini ya nani.

Hebu tuhesabu, kwa sababu Karungu imekuwa chini ya wengi.

Mpaka mwisho wa Machi 1902, pwani hii ya ziwa haikuwa sehemu ya nchi ambayo baadaye ingeitwa Kenya. Ilihesabiwa ndani ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda, mkoa mkubwa uliofika mpaka Naivasha. Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza waliukata na kuutia ndani ya himaya yao ya Afrika Mashariki, kwa sababu reli ilikuwa imefika ziwani Desemba 1901 na walitaka yote iwe chini ya utawala mmoja. Watu hawakuhama hata hatua moja, lakini barua zao zilihama. Ofisa aliyeandika kuhusu upande huu mwaka 1899 alikuwa mtu wa serikali ya Entebbe. Aliyeandika mwaka 1903 alikuwa chini ya Kisumu na, nyuma ya Kisumu, makao makuu ya pwani.

Serikali ilipotaka kuishika nchi ya kusini mwa ghuba ya Winam, ilikuja kwa maji. Ndiyo maana kituo chake cha mwanzo upande huu kilikuwa Karungu, pale ufukweni, si Kisii milimani. Kisii ilifunguliwa mwaka 1907, na Januari 1908 ndipo Otenyo alipomchoma mkuki ofisa Northcote, kisa ambacho wengi wetu tulikisoma shuleni. Tusichoambiwa shuleni ni kwamba kabla ya mji wa Kisii kuwa makao ya serikali, bendera ilikuwa inapepea kwetu, kando ya viboko na mamba.

Makao yakapanda mlimani na hayakurudi. Wilaya iliitwa South Kavirondo, baadaye South Nyanza, na ndani yake walikuwamo Waluo, Wasuba, Wakuria na Wagusii. Kwa zaidi ya miaka hamsini, mtu wa Karungu akiitwa na DC alikuwa anaitwa Kisii. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wagusii walipata wilaya yao, na South Nyanza ikahamia Homa Bay. Mwaka 1992 Migori ikakatwa kuwa wilaya. Mwaka 2013 zikaja kaunti. Dani, ambaye hajahama boma tangu aolewe, ameishi Kisii, Homa Bay na Migori bila kufunga mzigo.

Basi, siku moja nilifika Moi Avenue na sikusimama nje.

Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1965. Ghorofa ya chini ni mkusanyiko wa Joseph Murumbi, yule aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966 kwa miezi michache tu: vinyago, nguo, mapambo, stempu. Wageni wengi huishia hapo. Chumba cha kusomea kina utaratibu wake. Unajiandikisha, unalipa ada ndogo, unatafuta kwenye orodha, unajaza kikaratasi chenye namba ya faili, kisha unangoja. Ni kama hoteli ya chapati, ila chapati yako imelala ghalani miaka themanini.

Nilimwambia mhudumu natafuta habari za Karungu, Migori. Akaniuliza, "Za mwaka gani?" Nikasema za zamani, za mkoloni. Akageuza ukurasa wa orodha, akanionyesha kwa kalamu ya risasi. Mafaili ya DC aliyekuwa akitutawala yote yanaanza na alama moja: DC/KSI.

KSI. Kisii. Nilikumbuka kicheko changu kwenye simu, nikaona haya peke yangu.

Ndani ya faili hizo mna ripoti za mwaka, mna ripoti ambazo DC anayeondoka humwachia anayeingia, mna kumbukumbu za mabaraza ya wenyeji yaliyoanzishwa katikati ya miaka ya 1920. Ukizizoea, unaanza kuona mtindo. Ofisa aliandika alichokihitaji: kodi ya vibanda imekusanywa kiasi gani, vibarua wangapi wametoka, chifu gani anaelewana na serikali, barabara ipi imelimwa, malale yameua wapi. Malale yaliipiga vibaya pwani hii mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwanajiolojia Felix Oswald alikuja Karungu mwaka 1911 kuchimba mifupa ya kale, na kitabu alichokiandika baadaye kuhusu safari hiyo kimebeba jina la ugonjwa huo.

Nilisoma siku nne. Njia yetu sikuiona. Wala sikushangaa sana, kwa sababu ng'ombe wanaoteremka kunywa maji hawalipi kodi. Hapakuwa na DC aliyekuwa na haja ya kuandika kwamba wanawake wa boma fulani hupita hapa. Kwa faili za Kisii, sisi tulikuwa hesabu ya vibanda tu.

Na hapo bado hujahesabu mapengo. Septemba 1914, vita vilipoanza, Wajerumani walivuka kutoka upande wao, ambao haukuwa mbali na Karungu. Meli ya Waingereza iitwayo Winifred ilikutana na Muansa ya Wajerumani kwenye ghuba yetu, ikarudi nyuma, kisha ikaja tena pamoja na Kavirondo. Mwezi huohuo walipigana Kisii, na katika vurugu zile mji ukaporwa, ofisi za serikali zikiwamo. Mtu anayetafuta karatasi za kabla ya hapo aingie chumba cha kusomea akilijua hilo.

Pengo jingine lilitengenezwa kwa makusudi. Uhuru ulipokaribia, Waingereza walichagua faili, nyingine wakazichoma, nyingine wakazipakia na kwenda nazo. Serikali yao ilikiri kuwa nazo mwaka 2011, wazee wa Mau Mau walipoipeleka mahakamani London. Zilikuwa zimefichwa Hanslope Park, na za Kenya peke yake zilikuwa takriban 1,500. Miaka miwili baadaye Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Huwa nawaza kesi ile nikisikia mtu anasema kumbukumbu ni mambo ya wasomi. Wazee wale walikuwa wakisema kilichowapata kwa miaka hamsini. Walisikilizwa vizuri zaidi karatasi zilipojitokeza.

Hata mifupa ya Karungu ilisafiri. Mnyama mmoja wa jamii ya tembo, aliyeishi hapa mamilioni ya miaka kabla ya mtu yeyote kuwa na boma, alitangazwa kwa ulimwengu mwaka 1911 kwa masalia yaliyotoka Karungu. Aliitwa Deinotherium hobleyi, kwa heshima ya ofisa wa kikoloni Hobley. Tembo wetu, jina la mgeni. Nilipomsimulia Dani, aliuliza kama na huyo naye anadaiwa karatasi.

Kwa hiyo za Kisii zilikuwa zimeniambia zinachoweza. Zikabaki za kupima mashamba. Hizi si za makumbusho, ni za ofisi zinazofanya kazi leo, na hapo mchezo unabadilika. Archives unaomba faili. Ofisini unaomba mtu.

Nilivyolelewa, ofisi ya serikali ni mahali pa kwenda na mtu unayemjua. Na si sisi tulioanza. Tangu 1968 nchi ina Sheria ya Siri za Serikali, na kwa miaka mingi karani alijua kwamba akikunyima karatasi hakuna wa kumuuliza, ila akikupa, huenda akaulizwa. Katiba ya 2010 ilipindua jambo hilo. Kifungu cha 35 kinasema kila raia ana haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Mwaka 2016 Bunge likapitisha Sheria ya Kupata Habari ili haki hiyo iwe na miguu.

Niliisoma sheria hiyo kwenye matatu, Thika Road, kukiwa na jam. Si ndefu. Nitakupa niliyoyabeba.

Unaandika maombi, kwa Kiingereza au Kiswahili, ukieleza unachotaka kwa kiasi cha kumwezesha ofisa kukitafuta. Asiyejua kuandika anaruhusiwa kusema, na ofisa ndiye anayepaswa kumwandikia. Huhitaji kueleza unaitakia nini. Kuomba hakulipiwi; utalipia nakala tu, kwa bei ya haki. Ofisa ana siku 21 za kukujibu, na akiwa na sababu anaweza kujiongezea 14, mara moja tu. Kama ni jambo la uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Kama habari haiko kwake lakini anajua iko ofisi gani, ana siku tano za kuyapeleka maombi yako huko, si kukurudisha barabarani. Habari iliyokaa zaidi ya miaka 30 huchukuliwa kuwa si siri mpaka ofisi ithibitishe vinginevyo. Na ukinyimwa, unayo siku 30 za kwenda kwa Tume ya Haki za Utawala, ambayo wengi wanaijua kama ofisi ya Ombudsman.

Niliandika kwa Kiswahili. Si kwa ubishi. Nilitaka Dani asomewe barua aielewe kabla sijaituma. Nikapeleka kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, nikiwa na nakala ya kitambulisho na nakala ya pili ya barua ili wanigongee muhuri.

Karani aliisoma, akainua macho. "Hii mbona ni Kiswahili?"

"Sheria inaruhusu."

"Na unataka ya nini?"

"Sheria inasema si lazima niseme."

Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayepimwa nguo na fundi asiyemjua, kisha akagonga muhuri wa tarehe kwenye nakala yangu. Ukichukua kitu kimoja tu kutoka kwangu, chukua hiki: usiondoke bila muhuri. Bila muhuri, siku 21 hazina mwanzo.

Siku 21 zikaisha. Kimya. Niliandika barua ya pili ya kukumbusha, fupi, nikitaja tarehe ya muhuri na kusema nakala inaenda kwa Tume. Baada ya wiki moja na nusu jibu likaja, mistari minne. Kumbukumbu za upimaji wa eneo hilo hazikuwa kwao. Zilifanywa wakati wa wilaya ya zamani, na kwa nyingine nielekee huko. Mwisho waliniomba nitaje namba ya shamba mojawapo linalopakana na njia.

Wilaya ya zamani. Homa Bay. Nilimpigia Dani kumwambia. Hakusema "nilikwambia." Alisema, "Sawa," na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Kisha nikamuuliza kama tuna namba ya shamba. Nikasikia akiburuta kitu chini ya kitanda. Ni debe la biskuti, lile ambalo kila nyumba ya rika lake inalo: kadi za kliniki, risiti za kanisa, kitambulisho cha marehemu babu, na hatimiliki ndani ya karatasi ya nailoni. Jirani akanipigia picha na kunitumia kwenye simu. Namba ya shamba ilikuwa pale, na mbele yake jina la sehemu ya upimaji. Kumbe nusu ya faili niliyozunguka nayo nchi nzima ilikuwa chini ya kitanda, futi mia kadhaa kutoka kwenye lile geti.

Barua ya tatu, ya kwenda Homa Bay, nilikuwa nimeshaiandika, lakini kwa jina la sehemu na namba ya shamba kulikuwa na njia fupi zaidi. Mashamba yakishapimwa na kusajiliwa, ramani yake hutunzwa, na Survey of Kenya pale Ruaraka huuza nakala kwa yeyote. Nilikuwa napita mbele ya geti lao kila siku nikienda kazini.

Ramani yenyewe si ya kupendeza. Ni mistari myeusi na namba, shamba kwa shamba. Nilitafuta namba yetu, nikafuata mpaka kwa kidole kuelekea majini. Kati ya shamba letu na lile ambalo sasa lina seng'enge kulikuwa na mistari miwili inayokwenda sambamba, ikipinda kidogo mahali ambapo najua pana mti wa ng'owo, mkuyu wetu, mpaka ziwani. Mashamba yote yana namba. Katikati ya mistari ile miwili hapakuwa na namba, kwa sababu si pa mtu.

Nilikaa na karatasi hiyo kwenye benchi la kituo cha basi nikashindwa kuinuka. Nadhani nilikuwa nikimfikiria yule sovea, ambaye sijui hata jina lake, aliyesimama pale siku moja na vyombo vyake, akaona ng'ombe wakipita, au akaambiwa na mwanamke aliyebeba ndoo, akaona inafaa kuchora mistari miwili badala ya mmoja.

Nisikudanganye kwamba ramani ilifungua geti. Ramani za aina hii huonyesha kwamba njia ipo na inapita wapi kwa ujumla. Mpaka kamili, futi kwa futi, huamuliwa na msajili wa ardhi akifika na mpima. Na kwa sheria ya 2012 huwezi kukimbilia mahakamani juu ya mpaka kabla msajili hajausikiliza. Tumeandika kumwomba aje. Kwenye baraza la chifu, mwenye ploti aliitazama nakala kwa muda mrefu, akasema yeye alinunua kama alivyoonyeshwa. Huenda ni kweli. Huenda naye aliuziwa mistari asiyoijua. Tangu siku hiyo geti halifungwi mchana. Ng'ombe wanapita. Usiku bado wanazunguka.

Dani ameiweka nakala kwenye debe la biskuti, juu ya hatimiliki. Nilipokwenda Desemba alinitaka nimwonyeshe Kisii, Homa Bay na Migori ziko wapi kwenye hiyo ramani. Nikamwambia haziko, ni mashamba tu. Akaona ni sawa. Kisha akanipa kazi nyingine: babamkwe wake alikuwa akitoza kodi ya vibanda kwa niaba ya chifu, kwa hiyo jina lake lazima liko mahali. Nikamuuliza, serikali yenu wakati huo ilikuwa wapi?

"Kisii," akasema.

Jumanne ijayo nitakuwa pale Moi Avenue. Ukitaka tuonane, usinitafute nje kwenye sanamu. Niko juu, chumba cha kusomea.